Mduara kwenye Maziwa ya Kairu

Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kupima maziwa ya watu wengine. Mimi ni fundi katika maabara moja ya utafiti, upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo tunatafuta njia rahisi za kujua kama ng'ombe ana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kabla maziwa yake hayajafika kwenye kikombe cha mtu. Nimezunguka vijiji vingi nikiwaambia wakulima dalili zake kwa binadamu: homa inayokuja na kuondoka, jasho, mgongo, viungo. Nimesimama mbele ya vikundi vya akina mama na kuhesabu dalili hizo kwa vidole. Uliponishika mimi mwenyewe, ilinichukua wiki tisa kuutambua, na hata hapo si mimi niliyeutambua.

Bado nashangaa. Nimepona, nimerudi kazini, nakula vizuri, lakini asubuhi nikinyoa huwa nasimama na wembe mkononi nikijiuliza ilikuwaje. Naandika kwa ajili ya yule aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la kliniki na karatasi ya tatu ya malaria mkononi, na kwa ajili ya mkewe.

Tunaishi nyuma kidogo ya Dagoretti Corner, kwenye shamba aliloachiwa mama yangu na baba. Shamba ni neno kubwa, siku hizi ni nyumba mbili, mstari wa vyumba vya kupangisha na zizi. Zizini alikuwa Kairu, ng'ombe mweusi wa Mama. Mama alimpenda Kairu kuliko alivyonipenda mimi, na alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni. Nyumba ya pili ni yangu, ya mke wangu Wairimu na ya binti yetu Njeri, mwenye miaka minane.

Maziwa ya chai tulichemsha, hilo halikuwa na mjadala. Lakini kulikuwa na mala, maziwa ya kugandisha. Mama alitengeneza mala yake kwa maziwa mabichi, kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, kwa sababu maziwa yaliyochemshwa, alisema, hulala vibaya na kuwa na ladha ya sufuria. Nilikunywa mala hiyo tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nikirudi kutoka kijijini, kuwakataza watu maziwa mabichi, nikavua viatu mlangoni na kumiminiwa kikombe. Sikuona kasoro. Yale yalikuwa maziwa ya watu, na hii ilikuwa mala ya Mama.

Kipimo chetu kimoja ni cha zamani na ni rahisi. Unaweka maziwa kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo, unadondosha rangi ya zambarau iliyotengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa, unakiacha kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja. Kama ng'ombe ni mzima, maziwa yanabaki na rangi na krimu inaelea juu nyeupe. Kama ni mgonjwa, kingamwili zilizo ndani ya maziwa yake huikamata ile rangi na kuipandisha juu na krimu. Unaona mduara wa zambarau juu na maziwa meupe chini. Kila mara unapopima unahitaji pia maziwa ambayo una hakika nayo, ya kulinganishia. Yetu yalikuwa ya Kairu. Alipimwa damu zamani akaonekana safi, na tangu hapo kila Jumatatu nilibeba nusu lita yake kwenda kazini. Mama alijivunia sana. Aliwaambia majirani kwamba serikali inamtegemea Kairu, ingawa sisi si serikali.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua ya masika ikiwa inaanza, kichupa cha Kairu kilitoa mduara.

Haukuwa mzito, lakini ulikuwepo. Kairu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa karibu kukauka maziwa, na kila fundi anajua kwamba maziwa ya siku za mwisho wakati mwingine hudanganya, yanatoa mduara wa uongo. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba ukipata mduara wa namna hiyo unatakiwa umtoe ng'ombe damu, upime upya. Nimewalazimisha wakulima wengi kufanya hivyo, wengine wakinitukana. Kwa Kairu sikufanya. Niliandika kwenye daftari la maabara: ng'ombe anakauka, mduara si wa kweli, tutumie maziwa ya pakiti. Nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa nne Kairu alizaa ndama mfu kabla ya wakati wake. Mimi nilikuwa safarini kuchukua sampuli. Mama na Wairimu ndio waliosafisha zizi na kumzika ndama, mikono mitupu. Mama alinipigia simu akasema Kairu aliteleza kwenye matope, na mimi nikamjibu kwamba matope ya mwaka huu ni mabaya. Ndivyo nilivyosema. Ule mduara haukunijia akilini, au ulinijia nikaufukuza, na sasa siwezi tena kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Wairimu alikuwa mjamzito. Tulikuwa tumejua wiki chache tu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, na wa pili jina la mama wa mke, na mama yake Wairimu, Nyokabi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Wairimu hakungoja kujua kama ni msichana. Alianza kuliita tumbo Nyokabi. Mama alikuwa akimletea mala kila jioni, ya kuongeza damu, alisema. Mwisho wa mwezi wa tano mimba ilitoka. Hospitalini walituambia hutokea, hata kwa wanawake wenye afya, twende nyumbani tupumzike. Tulienda nyumbani.

Homa yangu ilianza wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa, napanda ngazi, nataniana na walinzi. Ikifika saa kumi jioni ilikuwa kama mtu amezima taa mwilini. Baridi, kisha joto, kisha jasho la kulowesha shuka mpaka Wairimu akaanza kutandika taulo upande wangu. Kliniki ya kwanza ilisema malaria. Nairobi, mwezi wa saba, baridi isiyo na mbu, malaria, nami nikameza dawa. Ya pili, katikati ya jiji, ghorofa ya nne bila lifti, ilisema taifodi. Nilikaa kwenye benchi lake mara tatu. Televisheni ilikuwa inaonyesha harusi za watu tusiowajua na sote tulizitazama kwa makini sana, mzee mmoja akitoa maoni juu ya nguo za bibi harusi. Nilipungua mpaka pete ikawa inatoka nikinawa. Nikaanza kuiweka mfukoni, jambo ambalo baadaye halikunisaidia.

Mwezi wa nane korodani moja ilivimba. Jambo hili naliandika hivyo hivyo kwa sababu kama lingeandikwa mahali ningelisoma na pengine ningepona mapema. Ilivimba, ikawa nzito na yenye moto, nikawa natembea kama mtu aliyevaa suruali ya mtoto. Sikumwambia Wairimu. Nilikwenda kwenye duka la dawa pale Dagoretti Corner, nikangoja wateja wote watoke, nikamnong'oneza mwenye duka. Aliniangalia kwa huruma ya mwanamume kwa mwanamume. Akanidunga sindano, akanipa pakiti mbili za vidonge. Moja yangu. Ya pili, alisema, ya mama watoto, kwa sababu akitibiwa mmoja, mwingine anamrudishia.

Nilijua vizuri anachodhani. Nilijua pia kwamba sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Lakini nilikuwa na aibu na maumivu na sikubishana. Ile pakiti ya pili niliisahau kwenye mfuko wa jaketi, pamoja na pete.

Wairimu anauza vitambaa vya pazia kwenye maduka ya Adams Arcade, na Jumapili ndiyo siku yake ya kufua. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi aliposimama mbele yangu, pakiti kwenye mkono mmoja na pete kwenye mwingine.

"Hii dawa ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yako iko kwa droo, nimeiona. Hii ni ya nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mwenye duka alisema hata yeye ameze. Akaniuliza mtu ambaye si mgonjwa anameza dawa ya nini. Nilijaribu kueleza kuhusu uvimbe na kila neno lilinichimbia shimo. Hakupiga kelele. Alivaa ile pete yangu kwenye kidole gumba chake, akamaliza kufua, na jioni hiyo akahamia chumba cha Njeri. Siku ya nne akaniambia, kwa sauti ya kumwambia mtu duka limefungwa, kwamba shule zikifungwa atampeleka Njeri kwa dada yake, mjini Kikuyu, na huenda wasirudi. Wiki zile za kuhesabu siku za shule ndizo zilikuwa mbaya kuliko homa yenyewe.

Aliyeniokoa ni mkubwa wangu kazini, Daktari Jaspal. Ni Kalasinga, Mhindi wa kilemba, wa hapa hapa, babu yake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili chake ni cha mtaani kuliko changu. Aliniona nimekaa upande kwenye kigoda, akavuta kingine akakaa karibu.

"Ndung'u, hiyo homa yako inakuja saa ngapi?"

"Saa kumi hivi."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Akauliza mgongo, nikasema ndiyo. Akauliza kule chini, bila kucheka, nikatikisa kichwa kukubali na machozi yakanitoka. Kisha akauliza nyumbani tunakunywa maziwa gani. Nikasema tunachemsha. Nilisema kwa hasira, kama wakulima wanavyonijibu mimi.

"Hata mala?"

Akaniambia nitoe mkono. Alinitoa damu yeye mwenyewe, akaweka tone kwenye kigae, akaongeza dawa, akaanza kukitikisa taratibu. Sikuhitaji kusogea kuona. Damu ilikatika vipande vipande, dalili ya ugonjwa, kama maziwa yaliyoharibika yanavyokatika kwenye chai ya moto. Watu wawili wenye miaka mingi ya kazi hiyo tukakaa tukiangalia kigae. Kilichonijia kwanza, Mungu anisamehe, ni furaha. Sasa ningepata karatasi ya kumwonyesha mke wangu uvimbe ulitoka wapi.

Hospitali kubwa ilithibitisha baada ya siku mbili. Nikaenda moja kwa moja Adams Arcade, dukani kwake, nikamkabidhi karatasi katikati ya mapazia. Aliisoma mara mbili. Akaketi juu ya robota la kitambaa.

"Kwa hivyo hakuna mtu," akasema.

"Hakuna. Hajawahi kuwepo."

Alicheka, akalia, akafuta uso kwa kipande cha pazia la mteja. Akaniambia ana haya kwamba aliwaza vile. Nilimwambia hata mimi ningewaza vile. Kwa muda kama wa dakika tano tulikuwa mume na mke kabisa. Kisha akaiangalia tena ile karatasi.

"Na mimi je? Si hata mimi nilikunywa hiyo mala?"

Kesho yake tulikaa wote wawili kwenye benchi la hospitali. Damu ya Njeri ilitoka safi. Mtoto huyo hajawahi kupenda mala, tumemgombeza sana kwa hilo, na leo nashukuru kwa kila kikombe alichomwaga. Ya Wairimu ilikuwa na ugonjwa. Daktari, mwanamke mtu mzima mwenye miwani shingoni, aliandika, akauliza bila kuinua kichwa kama mama huyu amewahi kupoteza mimba hivi karibuni.

Wairimu akasema mwezi wa tano. Daktari akaweka kalamu chini. Alieleza kwa upole kwamba huenda ugonjwa huo ndio ulioitoa mimba, na huenda sio, na kwamba sasa hakuna mtu anayeweza kuapa. Wairimu alimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru.

Tulirudi kwenye benchi kungoja dawa. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Baba Njeri, wewe ndio hupima hii kitu. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikujua. Hakuna mtu angenipinga, daftari liko maabara na yeye hajawahi kuingia huko. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Jumatatu ile, mduara, na nilichoandika. Nikamwambia nilitakiwa kumtoa Kairu damu na sikumtoa. Nilimwambia huku nikiangalia viatu vyangu.

Namba yetu ikaitwa. Hakuinuka.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akasema.

Tangu siku ile nimechomwa sindano nyingi na hakuna iliyoingia kama hiyo. Nilienda dirishani peke yangu, nikachukua dawa za watu wawili.

Matibabu yalikuwa wiki sita za vidonge, na sindano kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza. Tulikwenda pamoja kwa sababu ilikuwa lazima, tukaketi benchi moja na mkoba wake katikati yetu. Vidonge vilinichafua tumbo na kunifanya nichomeke na jua la dakika kumi. Mfamasia alitukataza kuvimeza na maziwa, kisha akashangaa kwa nini hakuna aliyejibu. Wiki ya tatu homa ya saa kumi haikuja. Nilikaa nikiingoja mpaka saa moja.

Daktari Jaspal alikuja nyumbani kumtoa Kairu damu. Mama alimshika kamba mwenyewe. Jibu liliporudi nilimweleza Mama, polepole, kwamba Kairu ana ugonjwa na lazima aondoke, na kwamba hata yeye lazima atibiwe, maumivu ya mgongo aliyokuwa akiyalalamikia si uzee. Hakubishana kuhusu mgongo.

"Ndung'u," akasema, "si hiyo ndiyo kazi yako?"

Gari la daktari wa mifugo lilimchukua Kairu asubuhi ya Jumatano. Mama aliosha ile ndoo nyeupe, akaigeuza kifudifudi juu ya nguzo ya zizi, na iko hapo mpaka leo.

Kama una homa inayokuja jioni na kwenda asubuhi, na umeshatibiwa malaria na taifodi na bado inarudi, omba upimwe brusela. Taja maziwa, taja mala, taja ndama uliyemvuta kwa mikono. Taja hata pale unapoona haya. Ukitibiwa, maliza wiki zote sita hata kama unajisikia mzima wiki ya pili. Na kama mumeo amevimba mahali pa aibu, mwulize kuhusu maziwa kabla hujamwuliza kuhusu wanawake. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine nilidhani nayajua.

Wairimu hakwenda Kikuyu. Shule zilipofungwa, Njeri alikaa dukani naye mchana. Sikuuliza. Miti ya jakaranda ya barabara ya Ngong ilipochanua, nilirudi nyumbani siku moja nikakuta juu ya kiti changu mto mnene, umeshonwa kwa mabaki ya kitambaa cha pazia, wenye shimo katikati kama mandazi ya duara. Nilikuwa bado nakaa kwa shida. Nikaukalia.

Siku ya mwisho ya vidonge ilifika na mvua za vuli. Wairimu aliniambia anataka kuja maabara. Anataka kuona nilichoona. Daktari Jaspal aliruhusu, akaondoka kutuachia chumba. Nilimpa koti jeupe, likamfika magotini. Nikaandaa vichupa viwili, kimoja cha maziwa ya pakiti, kingine cha maziwa tunayojua yana ugonjwa. Nikadondosha rangi.

"Inachukua muda gani?"

"Saa moja."

Akavuta kigoda. Tuliketi saa nzima tukitazama vichupa viwili, kama tulivyozoea kukaa mwaka ule. Mduara ulipanda taratibu, zambarau, ukakaa juu. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Huo wa Kairu ulikuwa hivi?"

"Mwembamba kidogo. Lakini hivyo."

"Leta daftari."

Nikafungua ukurasa wa mwezi wa tatu. Alisoma mistari yangu mitatu kwa kidole. Akasema niandike upya. Nikamweleza kwamba kazini kwetu hatufuti wala hatuchani ukurasa. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, unaandika ukweli pembeni, unatia sahihi na saa. Akasema hivyo ni vizuri, anataka lisomeke.

Nikapiga mstari. Nikaandika: mduara ulikuwa wa kweli, ng'ombe hakupimwa damu. Nikatia sahihi. Wairimu akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akaandika jina lake chini ya langu, na chini ya jina lake, Nyokabi. Akaangalia saa ya ukutani, akaandika saa.

Kisha akauliza vichupa hivyo hutupwa wapi. Nikamwambia havitupwi hivi hivi, kwanza vinachemshwa, na mashine yetu ni ya zamani, huchukua muda.

"Chemsha," akasema, akakaa tena kwenye kigoda. "Nitangoja."